Kiangazi Tuliposomea Mwisho wa Dunia

Barua iliyotuita ilisema "bourse d'été", ufadhili wa majira ya joto, nasi tuliisoma tukiwa tumevaa sweta mbili mbili. Aliyeiandika alikuwa Ulaya, na kwao hiyo ni miezi ya kuvua makoti. Kwetu Lubumbashi ni miezi ya baridi kavu: midomo inapasuka, vumbi jekundu linaingia mpaka katikati ya kurasa za kitabu, na asubuhi maji ya bomba, siku yakiamua kutoka, yanauma vidole. Tulicheka sana. Tulikuwa sita, wenye umri wa kucheka, na tulikuwa tumeitwa kusomea mwisho wa dunia.

Chuo kule Kasapa kilikuwa kimefungwa kwa mara nyingine. Askari hawalipwi, walimu hawalipwi, treni hazifiki, na noti zilizonunua mkate jana leo hazikutosha kununua nusu yake. Mwalimu wetu mmoja, padri mrefu ambaye miwani yake ilishikwa na waya, alikuwa amebaki peke yake katika jengo la kitivo kama mlinzi. Ndiye aliyewaandikia rafiki zake wa ng'ambo, nao wakakubali kuwagharamia wanafunzi sita kwa miezi mitatu wachunguze maafa makubwa ya dunia, yale ambayo yakija hayachagui nchi wala tajiri, na kitu gani kifanyike mapema ili yasituue wote. Tulipewa daftari, kalamu, na sahani ya wali na maharage kila mchana. Nusu ya sahani yangu iliingia kwenye kopo la maziwa ya unga na kwenda nyumbani kwa mama.

Nakipenda chumba kile mpaka leo. Madirisha mawili hayakuwa na vioo, ubao ulikuwa na ufa, na juu ya ubao padri aliandika kwa chaki orodha ya njia ambazo dunia inaweza kuishia, kwa mwandiko mzuri wa mtu anayeandika ratiba ya misa. Kila mmoja alichagua ya kwake. Wa kwanza alichukua magonjwa. Wa pili alichukua mabomu ya atomiki, na hakuna aliyembishia, kwa sababu mtoto yeyote wa Katanga, mkoa wetu, anajua madini ya bomu la kwanza yalitoka kwenye ardhi ya nani. Mmoja wetu alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mlokole, asiyevuta wala kunywa. Huyo alichukua barabara: nini kitatokea malori ya dunia yote yakisimama siku moja. Tulimtania kwamba kwa ndugu zake huo si utafiti, ni kilio cha ukoo.

Mimi nilichukua chakula. Tuseme mlima mkubwa wa moto umelipuka mahali fulani, au mabomu yameteketeza miji, na moshi umefunika jua kwa mwaka mzima. Mavuno yamekufa kila nchi. Mji kama wetu utakula siku ngapi kutokana na kile kilichomo ndani ya nyumba? Nilipaswa kuingia mlango kwa mlango katika mtaa mmoja, nione akiba ya kila jikoni, niandike. Nilichagua mtaa wetu, kambi ya wafanyakazi wa reli.

Sikuuchagua kwa uvivu. Padri alikuwa ametuambia kwamba rafiki zake wameahidi kutuma lori moja la unga wa mahindi kabla ya mvua, na kwamba lori hilo litakwenda kwenye mtaa ambao utafiti utaonyesha hauwezi kujitegemea. Wanafunzi wawili wengine walikuwa wakinisaidia kwa kuchunguza mitaa mingine. Lori moja, mtaa mmoja. Nami nilijua kilichokuwa ndani ya nyumba yetu. Nilitaka lori lile lije kwetu kama mgonjwa anavyotaka maji.

Sasa lazima nieleze habari ya gunia, maana asiyelelewa kambini hawezi kuielewa. Zamani, kampuni ilipokuwa na nguvu, kila mfanyakazi alipewa posho ya unga kila mwisho wa mwezi. Gunia liliwekwa sebuleni, upande wa mlango, likiwa limesimama wima ili kila anayeingia alione. Kulificha chumbani ilikuwa dharau kwa mume, kana kwamba kazi yake ni ya aibu. Mgeni aliketi, akatupa jicho pale, akajua: hapa mwanamume anafanya kazi, hapa watu wanakula bukari, ugali wetu, bila kunong'ona. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka. Gunia la mwenzio hulishiki. Unaliona, unanyamaza, unakaribishwa.

Posho ilipokatika, magunia hayakuondoka. La kwetu lilikuwa na vigunzi vya mahindi, vimeshindiliwa, na juu yake matambara. Baba alikuwa dereva wa treni, na treni yake ilikuwa imekwama Kamina. Alikataa kuiacha ili isije ikafunguliwa vyuma vyake na wezi, kwa hiyo miezi ile alikuwa kama ameoa mke wa pili wa chuma. Mama alibaki akilinda gunia. Kila Jumamosi alilifuta vumbi. Na si hilo tu. Kadiri mwezi ulivyosonga, alitoa vigunzi kidogo kidogo usiku au alfajiri ili gunia lipungue kama la watu wanaokula, na mwisho wa mwezi alilijaza tena. Nilimwona akifanya hivyo, naye alijua nimemwona, na hatukusema neno. Niliamini kwamba katika kambi nzima ni sisi tu tuliofikia hapo.

Nikaanza kazi yangu nikiwa na daftari kwapani, najiona mtu mkubwa. Swali langu nililitunga kwa Kifaransa safi, nikaligeuza kwa lugha ya kambini, ambako lori ni kamyo: "Mama, kama leo matreni na makamyo yote inasimama, ku nyumba munaweza kula siku ngapi?"

Nyumba ya kwanza walicheka mpaka wakashika ukuta. Nyumba ya tatu bwana mmoja mstaafu alinitazama kwa huruma. "Mutoto," alisema, "matreni ilishasimama. Banakufundisha nini kule Kasapa?"

Niliona aibu, lakini nilijikaza kisabuni, nikatazama upande wa mlango na kuandika. Gunia moja. Nyumba inayofuata, gunia moja. Inayofuata, moja na robo. Kila mlango niliotoka, moyo wangu ulizidi kuwa mzito. Watu walikuwa nacho. Wote walikuwa nacho. Nilianza kuwachukia kidogo, Mungu anisamehe, wale mama walionipangusia kiti na kuniuliza habari za baba huku wakiwa wamekaa karibu na unga wao.

Nyumba inayotazamana na yetu alikaa mjane mmoja, mama aliyenilea. Mama yangu alipougua wakati wa kuzaliwa kwangu, ni yeye aliyeninyonyesha pamoja na mwanawe, na nilipokua nilimwita mama bila kuongeza neno. Mumewe alikuwa kondakta, amefariki kitambo, na wanawe walikuwa wametawanyika. Kwake yalisimama magunia mawili.

"Mawili, mama?" niliuliza.

"Uko na macho. Andika." Alinipa kikombe cha chai isiyo na sukari, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha. "Bale ba Bulaya, bajue mujane wa conducteur hakose kitu. Baandikie mbili."

Nikaandika mawili. Alinyoosha shingo aone kama nimeandika kweli, akaridhika.

Ikabaki nyumba yetu. Nilikaa na kalamu muda mrefu kwenye meza ya jikoni. Padri alikuwa ametuahidi kwamba majina hayataandikwa, nambari za nyumba tu, lakini nambari za kambi kila mtu alizijua, na daftari langu lingesomwa mbele ya wenzangu watano. Ningewezaje kuandika kwamba nyumba pekee isiyo na kitu ni ya dereva wa treni? Mama alikuwa mlangoni akichambua sombe, kisamvu cha kwetu, iliyobaki na mashina zaidi kuliko majani. Hakuniuliza. Niliandika: gunia moja.

Tulipokutana kulinganisha kazi, yule kijana wa Kivu alilichukua daftari langu, akalisoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu kama anakagua mzigo.

"Hii magunia," alisema, "uliinua?"

"Niinue nini?"

"Gunia. Shiye kwetu ku dépôt, gunia haiangaliwe. Inainuliwa. Unaweka mukono chini, unasikia uzito, unanusa."

Nilimkasirikia kweli. Nilimwambia kwamba kwao watu ni wafanyabiashara, wanazoea kushuku, lakini kambini watu wana heshima, mtu haingii kwa watu akapapasa unga wao. Nilisema na mengine juu ya watu wa Kivu ambayo sitayaandika hapa. Alinirudishia daftari taratibu. "Sawa, dada," alisema. "Ni kazi yako."

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Ningerudi, nitie mkono chini ya gunia moja tu. Lakini nilikuwa najua mkono wangu ungekuta nini kwetu, na nikaogopa kuwaza zaidi.

Siku ya kusoma kazi zetu tulipelekwa hoteli ya Karavia, kwenye ukumbi mmoja karibu na ziwa, ambako watu wenye nafasi walikuwa bado wanacheza tenisi. Wageni wawili kutoka ng'ambo walikaa mbele. Kulikuwa na chai yenye sukari, na biskuti zimepangwa kwenye sahani, na sisi sita tulizitazama kwa adabu kubwa mpaka tuliporuhusiwa. Kijana wa mabomu alisoma haraka haraka, bila kuinua kichwa. Mlokole wetu alizungumza juu ya barabara kama mtu anayehubiri, mpaka mgeni mmoja akaacha kuandika akamsikiliza. Ilipofika zamu yangu nilisoma vizuri. Nilikuwa na majedwali, nilikuwa na ramani ya mtaa niliyoichora kwa penseli za rangi, na nilionyesha kwamba kambi ya reli, kwa sababu ya desturi yake ya kuweka akiba, ingeweza kuvumilia kuliko mtaa wowote tuliouchunguza. Mgeni alisema ni jambo la kutia moyo. Padri alinishika bega, akasema kazi ni safi.

Lori lilipewa mtaa wa ng'ambo ya reli.

Nilirudi kwa miguu, maana mabasi hayakuwa na mafuta, na biskuti nne nimezifunga kwenye leso. Nakumbuka nyasi zilizoungua kando ya barabara na harufu yake, ambayo hata leo nikiisikia mahali popote nasimama. Nilimwambia mama habari za lori. Aligawa biskuti: moja yangu, moja yake, mbili za kumpelekea jirani.

"Bantu ba kule banateseka sana," alisema. "Ni muzuri bapate."

Wiki zilizofuata mama alikula kidogo sana nyumbani. Nikimwekea sahani alisema, "Mi natoka kukula kwa jirani, iko magunia mbili pale." Nilimwamini, na nilifurahi kwa ajili yake. Nilipokwenda kumwamkia yule mama yangu wa pili, alikuwa amekaa juani, mifupa ya mabega imeinua kitenge. "Nilishakula kwenu asubui," aliniambia. "Mama yako anapika muzuri." Nilimwamini yeye pia. Nilikuwa msomi wa njaa ya dunia nzima, na hawa wanawake wawili walikuwa wakinihadaa mchana kweupe kwa maneno mepesi kama hayo.

Kisha ikaja asubuhi ya askari. Walikuwa hawajalipwa kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu tena. Walianza na maduka ya mjini, wakaja kwenye mitaa, na nyuma yao kundi la watu wenye mikokoteni. Kambini walikuja kwa sababu moja tu: sifa ya magunia yetu ilikuwa imeenea. Tulitolewa nje, tukapangwa mbele ya nyumba zetu. Askari wawili waliingia kwa yule mstaafu aliyenihurumia na kutoka na gunia. Walilibeba kwa urahisi mno. Mmoja alilitupa chini, akalichana kwa kisu, yakamwagika makaratasi na vumbi la mbao.

Wakaingia nyumba ya pili. Maganda ya mahindi. Ya tatu, mchanga chini na pumba juu. Kwetu, vigunzi. Mama alitazama chini, mimi nikatazama upande mwingine ili nisimwone akitazama chini. Lakini walikuwa wanaendelea, nyumba baada ya nyumba, na barabara ya kambi ikajaa takataka zetu zote, za miaka, zilizohifadhiwa kwa heshima kama hirizi. Kwa mjane walichana yote mawili. La kwanza lilikuwa na udongo wa kichuguu. La pili lilikuwa na sare za marehemu, zimekunjwa, pamoja na kofia yake.

Askari mmoja aliuliza kwa Kilingala kama sisi ni watu au ni mbuzi. Waliondoka na redio mbili na baiskeli moja, wamekasirika kama watu waliodanganywa na ndugu zao.

Tukabaki tumesimama. Kila mtu alitazama cha mwenzake. Kisha mama yangu akasema polepole, akimwelekea jirani yake wa ng'ambo ya barabara, "Kumbe. Na mi nilikuwa naambia mutoto ninakula kwako."

"Na mi nilimuambia ninakula kwako," alijibu mjane.

Aliyeanza kucheka simjui. Nadhani ni yule mstaafu. Kicheko kilipita nyumba kwa nyumba kama moto wa nyasi, wanawake wakaketi chini kwenye vigunzi vyao, wakashikana mikono, wakafuta machozi. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na sijawahi kuona watu wakipendana vile. Ningetoa vingi nisimame tena barabarani pale. Ila mimi sikucheka. Mimi peke yangu nilikuwa na ramani ya rangi kichwani.

Kesho yake nilikwenda Kasapa, nikamweleza padri kila kitu. Alivua miwani yake, akaishika mkononi. Unga ulikuwa umekwisha kugawiwa, alisema, na waliopewa walikuwa na njaa ya kweli. Hakunilaumu. Aliniomba niandike upya, niweke na habari ya magunia, kwa sababu, alisema, watakaotaka kuokoa dunia wanapaswa kujua kwamba wenye njaa watawadanganya. Niliandika. Sijui kama kuna aliyesoma. Kijana wa Kivu nilimwomba msamaha, naye akasema hakuna neno, akanipa mfuko mdogo wa maharage aliyotumiwa na ndugu zake. Tuliyapika kwenye sufuria moja barabarani, nyumba saba, na tangu siku hiyo kambi ilikula pamoja, kile kidogo kilichopatikana, bila kudanganyana. Hayo yalikuwa majuma mazuri, na nayasema haya nikijua tulivyokuwa tumekonda.

Kwa mjane yalikuja yamechelewa. Alifariki mijakaranda ikiwa imeanza kuchanua, kabla ya mvua. Muuguzi alisema ni malaria, na kambi nzima ikakubali kwamba ni malaria. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha alikuwa mama yangu. Alitoka chumbani mikono ikiwa bado na maji, akaketi karibu nami kwenye mkeka wa kilio.

Kisha akaniuliza, "Mu ile kazi yako ya Kasapa, kwetu uliandika nini?"

"Gunia moja."

"Na kwake?"

Sikutaka kujibu. Nilijibu. "Mbili, mama. Niliandika mbili, na kamyo ikaenda kwingine."

Nilingoja anigombeze. Ningefarijika. Mama alinishika mkono kwa mkono wake wenye maji.

"Ni muzuri," alisema. "Ni vile alikuwa anataka bantu bajue."